Vipuri vya Kujitengenezea: Land Rover Kuukuu Katika Mbulu na Hanang

Kipuri cha kujitengenezea ni kipande cha gari kinachotolewa kwa mkono, nyumbani au kwenye gereji ndogo, ili kishike nafasi ya kile cha kiwandani kilicholika, kilichovunjika au kisichouzwa tena. Katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, kazi hii imeambatana zaidi na Land Rover za zamani, hasa zile za chasisi ndefu zinazoitwa 109 kwa sababu ekseli ya mbele na ya nyuma zimeachana kwa inchi 109. Mengi ya yanayoelezwa hapa yametokana na kulifufua gari moja la aina hiyo, Series III ya dizeli, lililobeba abiria na magunia kati ya Katesh, Basotu na Haydom kabla ya kuegeshwa uani hadi magugu yakaota na kuchungulia ndani kupitia sakafu.

Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwezi Aprili 1948. Series II ikafuata mwaka 1958, IIA mwaka 1961, na Series III ikatengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Uingereza ya baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilikuwa na uhaba wa mabamba ya chuma, hivyo bodi ikafanywa kwa aloi ya alumini iitwayo Birmabright, na chasisi ikaundwa kwa mabamba ya chuma yenye unene wa milimita 2 hivi, yaliyochomelewa yakawa boksi refu. Bodi ina nyuso bapa na pembe zilizonyooka, na karibu kila kitu kimefungwa kwa bolti. Hapo ndipo ilipo bahati ya fundi wa nyumbani. Gari lenye bodi ya mikunjo iliyokandamizwa kwa mashine kubwa halimpi nafasi. Hili linamruhusu kulifungua kwa spana, kupima kipande kilichoharibika, kukichora kwenye karatasi na kukitoa upya.

Watu hawakuanza kujitengenezea kwa kupenda ufundi peke yake. Kabla lami haijafika Katesh kwenye barabara ya Babati hadi Singida, kwenda Arusha kutafuta bushi kuliweza kumaliza siku nzima wakati wa kiangazi, na zaidi ya hapo wakati wa masika. Kipindi kigumu kuliko vyote kilikuwa miaka ya mwanzo ya 1980. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 viliiacha nchi na uhaba mkubwa wa fedha za kigeni, spea zikaadimika, na magari yenye injini nzima yakabaki juu ya mawe kwa kukosa kipande kimoja. Mwaka 1984 serikali iliwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, na hali ikaanza kulegea. Mafundi waliopita katika miaka hiyo walibaki na desturi ambayo vijana wengi wa leo hawanayo: hawatupi kipande kilichoharibika, maana kilichovunjika ndicho kiolezo cha kipya.

Siku hizi spea huletwa na basi kutoka Arusha, mji ambamo Land Rover haijawahi kuishiwa heshima, kiasi kwamba Oktoba 2024 lilifanyika huko tamasha la magari hayo na kuyakusanya kutoka pembe nyingi za nchi. Lakini kuwepo kwa duka hakujamaliza haja ya kujitengenezea. Nakala nyingi za bei nafuu hazidumu, zilizo imara hutoka Uingereza kwa gharama ambayo gari lenyewe halirudishi, na vipande vikubwa kama sakafu au mikono ya chasisi havibebeki kirahisi. Kwa hiyo fundi wa Katesh hununua baadhi na kutengeneza baadhi. Ufundi wake unapimwa kwa jinsi anavyochagua kipi kiwe kipi.

Ufundi huo una vyanzo viwili. Cha kwanza ni uhunzi: ufuaji wa vyuma katika nchi hii ni wa kale kuliko gari. Miongoni mwa Wadatoga kuna ukoo wa wahunzi, Gidang'odiga, ambao kazi yao ni kufua mikuki, visu, vichwa vya mishale na bangili. Wahadzabe wa bonde la Yaeda na kandokando ya Ziwa Eyasi hupata kwao vichwa vya mishale, wakitoa asali na nyama. Mhunzi hukaa chini, mvukuto wa ngozi ya mbuzi ukiupuliza mkaa, na malighafi yake ni vitu ambavyo wengine wamevitupa: misumari, makufuli mabovu, koki za maji. Msumari huwa mshale, kufuli la shaba huyeyushwa likawa bangili. Anayetaka kujifunza kuyeyusha shaba kwa mkaa hana haja ya kuvuka mipaka ya mkoa.

Chanzo cha pili cha ufundi ni mashamba ya ngano. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, mashamba makubwa yalifunguliwa katika tambarare za Hanang chini ya NAFCO, shirika la taifa la kilimo na chakula, kwa msaada wa Kanada. Yalikuwa saba: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Gidagamowd na Warret, kila moja ekari 10,000 hivi. Ardhi hiyo ilikuwa malisho ya Wabarabaig, tawi la Wadatoga. Kesi ya kijiji cha Mulbadaw dhidi ya shirika ilifika hadi Mahakama ya Rufani katika miaka ya 1980, na kijiji kikashindwa. Haifai kuwasifu mafundi waliotoka kwenye mashamba hayo bila kutaja waliopoteza nyasi zao. Pamoja na hayo, mashamba yalileta kitu ambacho wilaya haikuwa nacho, nacho ni karakana. Kombaini ikikwama ngano ikiwa imekauka shambani, haiwezekani kusubiri spea ivuke bahari. Vijana walijifunza kuchomelea, kukereza na kupima kwa venia. Mashamba yalipodhoofika na hatimaye kubinafsishwa, wengi walifungua gereji zao, wakiwa na ujuzi wa karakana kubwa na vifaa vya kuhesabika: jiliwa, tupa, msumeno wa chuma, drili, mashine ya kuchomelea.

Kabla ya kukata chochote, fundi wa aina hiyo huuliza kipande kinafanya kazi gani. Kinaziba, kinabeba, kinazunguka au kinajipinda? Kinapata joto, oili, dizeli au maji? Kikikatika katikati ya mlima, nini kitafuata? Majibu huamua malighafi, na malighafi huamua njia ya kutengeneza. Kufanana kwa macho hakutoshi hata kidogo, na hakuna kinachoonyesha jambo hili vizuri kuliko mpira.

Mpira wa tairi unapatikana kila mahali. Kila mtu anaujua kwa katambuga. Land Rover nayo ina mipira mingi: ya kukalia bodi juu ya chasisi, ya kuning'inizia ekzosi, ya pedali, ya ndani ya bushi za springi, sili za oili, vikombe vya breki. Yote ni myeusi, yote hunyumbulika, na kila mmoja una kazi yake. Mpira wa tairi ukikaa kwenye oili au dizeli huvimba na kulainika, kwa hiyo haufai kuwa sili hata ukikatwa kwa ustadi gani. Ukiwa mkavu chini ya bodi, hudumu miaka. Tairi la kuchagua ni lile la nyuzi za nailoni. La waya lina nyaya za chuma ndani yake, zinazoshika kutu na kukwaruza rangi. Kisu huchovywa kwenye maji ya sabuni ili kisigande, na vipande vyote vya upande mmoja wa gari hukatwa kutoka sehemu moja ya tairi, viwe na unene sawa, la sivyo bodi hukaa upande.

Bushi ya springi ni habari nyingine kabisa. Ya kiwandani ina mirija miwili ya chuma, mmoja ndani ya mwingine, na mpira uliogandamana na yote miwili. Bolti huubana mrija wa ndani usizunguke, na springi inapopanda na kushuka ni mpira unaojipinda. Hakuna kinachosuguana, ndiyo maana bushi hiyo haihitaji grisi. Anayekata kiduara cha tairi, akakitoboa na kukigongomea kwenye jicho la springi, ameibadilisha kazi yenyewe bila kujua: sasa mpira unaisugua bolti, vumbi linaingia katikati, na vumbi na mpira pamoja hufanya kazi ya msasa. Gari lililotajwa mwanzoni, la Katesh, lilikuwa na bushi za namna hiyo. Bolti zilipotolewa zilikuwa zimelika kiuno, nyembamba katikati na nene kwenye ncha, na moja ilibaki na unene ambao fundi mzee aliyekuwapo aliushika kwa vidole viwili, akautazama, akauweka mezani bila neno.

Kuna njia mbili za kurekebisha. Ya kwanza ni kununua bushi ya kiwandani na kuifunga ipasavyo, yaani bolti zikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake na kubeba uzito wake. Zikikazwa gari likiwa juu ya jeki, mpira huanza maisha yake ukiwa umejipinda tayari na hupasuka mapema. Ya pili ni kukubali kwamba kutakuwa na msuguano na kujiandaa nao: bushi inakerezwa kwa shaba au nailoni ngumu, inachimbwa mfereji wa grisi, jicho la springi au bolti inatobolewa na kufungwa nipeli. Bushi hiyo hutikisa gari zaidi kuliko ya mpira na hudai grisi mara kwa mara, lakini ni kipuri cha kweli, kwa sababu aliyekitengeneza anajua kinachotokea ndani yake.

Kwa anayeanza, gasketi ndiyo darasa la kwanza. Karatasi ngumu ya gasketi huuzwa kwa shiti, na mfuniko wa pampu ya maji huweza kuwa kiolezo wenyewe. Uso wa mfuniko husafishwa hadi ung'ae. Karatasi huwekwa juu yake na kushikwa kwa kidole gumba, kisha nyundo ndogo yenye kichwa cha mviringo hugonga polepole kufuata ukingo. Ukingo wa chuma ndio unaokata. Nyundo inausukuma tu. Kwa matundu ya bolti hutumika gololi iliyotoka kwenye beringi mbovu. Huwekwa juu ya tundu, ikapigwa pigo moja, na kiduara cha karatasi hudondoka kikiwa kimekatika safi. Tundu la kwanza likitoka, bolti hupitishwa humo ili karatasi isihame, ndipo linafuata la upande wa pili, kisha yaliyobaki. Mfuniko ukiwa wa alumini mkono huwa mwepesi zaidi, maana nyundo nzito huuviringisha ukingo na hapo ndipo maji yatakapopita.

Gasketi ya silinda hedi haitengenezwi nyumbani. Injini ya dizeli ya lita 2.25 ya Land Rover hubana hewa kwa uwiano wa 23 kwa 1, na karatasi haina lake hapo. Vilevile kuna mahali ambapo unene wa gasketi au wa washa nyembamba ndio unaoamua mkazo wa beringi. Hapo cha zamani hupimwa kwanza kwa venia, na kipya kitoke kwa kipimo hicho hicho.

Kazi ya bodi ndiyo inayompa fundi raha kubwa kuliko zote. Birmabright haishiki kutu nyekundu, lakini huliwa pale inapogusana na chuma penye unyevu. Maji yenye chumvi yakipita katikati, metali hizo mbili hufanya kazi ya betri, na alumini ndiyo inayoteketea, ikigeuka unga mweupe chini ya rangi. Katika Hanang chumvi haiko mbali. Ziwa Balangida, chini ya Mlima Hanang, ni ziwa la chumvi, na gari lililowahi kubeba magunia yake hujulikana kwenye kingo za sakafu ya nyuma: ukibonyeza kwa kidole, rangi inapasuka kama ganda la yai na ndani hamna kitu.

Kiraka cha alumini hutolewa kwenye bodi za Land Rover zilizokufa, kwa kuwa aloi ni ileile. Ugumu wake ni wakati wa kukunja. Bamba lililokaa miaka na kugongwagongwa huwa gumu, na likikunjwa hivyo hivyo hupasuka kwenye mstari wa mkunjo. Lazima lilainishwe kwa moto, na hapa pana mtego, kwa sababu alumini haiwi nyekundu kabla ya kuyeyuka. Chuma humwonya fundi kwa rangi. Alumini humkalia kimya, kisha ghafla hudondoka. Dawa ni sabuni ya mche. Hupakwa kavu juu ya bamba mahali patakapokunjwa, mistari ya wazi ionekane, kisha moto hupitishwa upande wa chini kwa kuusogezasogeza. Sabuni huanza kuwa ya njano, ikaingia kahawia, ikafika nyeusi. Ikishakuwa nyeusi moto unaondolewa papo hapo. Bamba likipoa hukunjika juu ya ukingo wa ubao mgumu kwa kusukumwa na kibao na kugongwa kwa nyundo ya mbao, na pembe hutoka kali bila ufa. Kadiri linavyogongwa hurudia ugumu wake, hivyo kwa mkunjo wa pili sabuni hupakwa tena.

Wakati wa kufunga, alumini haiachwi iguse chuma. Katikati hupakwa rangi nzito au lami, au huwekwa utepe mwembamba wa mpira, na ribiti ziwe za alumini. Wengi huruka hatua hii kwa sababu haionekani kazi ikishaisha. Ndiyo inayoamua kama kiraka kitadumu.

Chasisi huozea ndani. Matope huingia kwenye boksi wakati wa masika, hukaa, na kutu hula kutoka ndani kwenda nje, hivyo upande unaoonekana huwa wa mwisho kutoboka. Nyundo ndogo hutambua: penye uzima chuma hulia, palipooza hutoa sauti ya kufa. Mikono midogo inayotoka pembeni mwa chasisi kubeba bodi ndiyo huanza kuoza, na hiyo hutengenezeka. Kiolezo hukatwa kwa katoni, kikajaribiwa mahali pake hadi kikae, kikahamishiwa kwenye bamba la chuma la milimita 2 au zaidi kidogo. Pipa la oili la lita 200, ambalo ndilo bamba la bei rahisi kuliko yote, lina unene wa milimita 1 hivi. Linafaa kwa sakafu na mahali pa kuwekea miguu, wala halifai kwa mkono wa chasisi. Kabla pipa halijakatwa kwa moto au grinda huoshwa na kujazwa maji, maana mvuke wa mafuta uliobaki ndani huweza kulipuka.

Kipande kilichooza hakikatwi kabla ya gari kuegemezwa imara na vipimo kuchukuliwa kwa kukingamisha, kutoka kona moja hadi kona ya pili. Milango huachwa ikining'inia mahali pake, kwa sababu mlango unaofunga vizuri ni kipimo bora kuliko utepe. Kuchomelea hufanywa kwa vidoti, kimoja huku na kingine kule, ili joto lisivute chasisi upande mmoja. Kisha tundu la kutolea maji huachwa chini, na oili kuukuu humiminwa ndani ya boksi.

Kwa vipande vidogo vya maumbo magumu hutumika kusubu. Chini ya kioo cha mbele, Land Rover ina vifuniko viwili vya kuingizia hewa vinavyofunguliwa kwa vikono. Vikono hivyo vilikuwa vimevunjika kwenye gari la Katesh, na kimojawapo kilisubiwa upya kwa shaba ya makufuli. Kiolezo kilichongwa kwa mti na kufanywa kikubwa kidogo kuliko cha asili, kwa kuwa metali hunywea ikipoa: kwa alumini ongezeko ni milimita 1.3 hivi kwa kila milimita 100, kwa shaba ni zaidi kidogo. Kalibu ni sanduku la mbao lenye nusu mbili, lililojazwa mchanga laini wenye udongo wa mfinyanzi kidogo na unyevu wa kiasi. Unyevu hupimwa kwa mkono. Mchanga ukikamatwa unapaswa kubaki na alama za vidole, na ukivunjwa ukatike wazi bila kumomonyoka.

Alumini huyeyuka kwa nyuzi 660 za sentigredi, shaba ya makufuli kwa 900 na kitu. Mkaa wenye mvukuto au feni hufika joto hilo bila taabu. Kwa alumini, malighafi bora ni pistoni za zamani, ambazo zina silikoni ndani yake na hutiririka hadi kwenye pembe za kalibu. Sufuria huyeyuka vizuri lakini huwa nzito kutiririka na huacha mapengo. Hatari kubwa ni maji. Tone moja chini ya metali iliyoyeyuka hugeuka mvuke kwa kishindo na kuirusha juu, hivyo koleo, chungu na kila kipande kinachoongezwa hupashwa moto kwanza, na hakuna anayemimina akiwa amevaa ndala. Shaba ya makufuli ina zinki inayotoa moshi mweupe. Kazi hufanywa nje, upepo ukitoka mgongoni kwa mmiminaji.

Bamba la springi la lori ndilo chuma kinachopendwa na wahunzi na mafundi wote, na ndilo linaloharibiwa zaidi kwa kutoeleweka. Ni chuma chenye kaboni nyingi, kilichotiwa ugumu na kulegezwa kiwandani kwa kipimo. Likitiwa moto hadi likawa jekundu, kipimo hicho hupotea. Kwa hiyo bamba la springi ya gari halikunjwi wala kutobolewa kwa moto. Hukatwa kwa grinda huku likipozwa kwa maji. Kwa kutengenezea patasi au kitobozi ni malighafi isiyo na kifani. Huokwa hadi sumaku isishike tena, jambo linalotokea kwenye nyuzi 770 hivi, na sumaku ya spika ya redio mbovu inatosha kwa kazi hiyo. Kisha kipande kinaongezwa joto kidogo, kikazamishwa kwenye oili, kikasuguliwa hadi kikang'aa, kikapashwa tena polepole. Rangi hupita juu ya uso wake: rangi ya majani makavu ikifika kwenye ncha, patasi iko tayari, ikiachwa hadi bluu, imekuwa laini mno kwa kukatia chuma. Vibao vinavyoning'iniza springi, kinyume chake, hutengenezwa kwa chuma cha kawaida kinene, kwa sababu chuma kigumu hukatika bila taarifa, ilhali cha kawaida hupinda kwanza na dereva huona.

Kuhusu bolti, Land Rover za zamani zina hesi za Kiingereza za aina zaidi ya moja, na maduka ya Katesh na Mbulu mjini huuza zaidi bolti za milimita. Bolti ya inchi 5/16 ina kipenyo cha milimita 7.94, na ya milimita 8 inaonekana ndiyo hiyo hiyo. Lakini ya Kiingereza huwa na mizunguko 22 au 24 kwa inchi, ya milimita ina kama 20. Ikisukumwa kwa nguvu huingia mizunguko michache, ikakaza, fundi akaridhika, na inashikwa na hesi mbili tatu zilizopondana. Njia ya heshima ni kutoboa tundu upya na kulipitishia tepu ya milimita kubwa zaidi, au kubadilisha bolti na nati kwa pamoja.

Breki na usukani hazitengenezwi nyumbani. Barabara ya kutoka Mbuyu wa Mjerumani kupanda Mbulu hupita Magara, ambako ukuta wa Bonde la Ufa unapandwa kwa mteremko mkali wenye kona, na gari lililojaa watu na vitunguu saumu hushuka hapo likitegemea vikombe vya mpira visivyozidi upana wa sarafu kubwa. Vikombe hivyo, mipira ya breki na ncha za tairodi hununuliwa vipya, vya uhakika, hata kama gari litakaa miezi likisubiri. Oili ya injini haiwekwi kwenye breki hata tone, kwani huvimbisha mipira hiyo na breki hukwama au kupotea. Kinachoweza kufanyika kwenye karakana yenye mashine ya kukereza ni kusawazisha ngoma ya breki, au kuitia masta silinda iliyolika mrija mpya wa shaba uliokerezwa kwa kipimo. Vyote viwili ni kazi za mkerezaji mzoefu. Kuchomelea mkono wa usukani uliopasuka ni jambo linaloonekana katika gereji nyingi, na halina utetezi.

Ulaya wapenzi wa magari ya kale wameanza kutoa vipande vya plastiki, na hata violezo vya kusubia, kwa mashine za kuchapa zinazoongozwa na kompyuta. Faida yake kubwa kwa Hanang ingekuwa kwenye violezo: umbo likishapimwa mara moja, linaweza kutumwa kwa simu na kutolewa mahali pengine bila kuchongwa upya. Plastiki yenyewe haifai karibu na injini, kwa vile nyingi katika zinazotumika hulegea kwa joto ambalo maji ya rejeta hufikia.

Kipuri kikishafungwa, kazi haijaisha. Bolti zote zilizoguswa hukazwa tena baada ya safari ya kwanza ya barabara mbaya, na kutoka Katesh barabara hiyo haitafutwi. Bushi za shaba hukaguliwa kwa kuingiza bisibisi kati ya springi na kibao na kusukuma. Gasketi kwa kupitisha karatasi kavu chini yake. Viraka vya chasisi kwa kutazama kama rangi imechora ufa kando ya mshono. Kisha kila kilichobadilishwa huandikwa kwenye daftari linalokaa na gari: tundu lililotobolewa upya na hesi yake, bushi inayodai grisi, bamba lililotoka kwenye gari jingine. Atakayelifungua gari hilo baadaye atakuja na kitabu cha kiwandani mkononi, nacho hakimwambii kwamba bolti ya tatu upande wa kushoto sasa ni ya milimita 10. Violezo vya katoni na vya mti huandikwa jina la kipande, upande wake na unene wa bamba, vikatobolewa na kutundikwa juu ya jiliwa, mbali na mchwa.